Mama yake yuko wapi? Njia nne za kupata mtoto wa mbwa Nairobi, zikilinganishwa

Mwanangu alikuwa na miaka saba tulipomnunua Simba kwenye mataa, jioni ya Ijumaa, foleni imeganda. Kijana aliyekuwa akimuuza alimwinua hadi usawa wa dirisha la gari. Tumbo lake lilikuwa limekaza kama chungwa, nikadhani ameshiba. Kumbe ni minyoo. "Huyu ni German kabisa, madam. Ana miezi miwili, amechanjwa." Bei ilianza elfu nane. Taa za kijani zilipowaka ilikuwa imeshuka hadi elfu nne, na mtoto alikuwa tayari amemkumbatia.

Siku ya sita Simba alikataa maziwa. Siku ya saba alitapika povu la manjano, kisha akaanza kuhara damu. Harufu yake sijaisahau. Leo nikiingia kliniki naitambua kabla sijamwona mnyama. Alikufa alfajiri ya siku ya tisa, mrija wa dripu ungali umebandikwa kwenye mguu wake mdogo, na matibabu yalikuwa yamekula zaidi ya mara tano ya bei niliyomnunulia.

Tangu mwaka ule nimekuwa nikijitolea Jumamosi kwenye kliniki ya wanyama. Nashika mbwa wanaotolewa damu, naosha vizimba, nazungumza na wenye mbwa wakisubiri. Nimeona mbwa wa kila asili, na swali ninaloulizwa zaidi na jamaa na majirani ni moja: "Tumtafute wapi?" Nairobi kuna njia nne kuu. Nitazilinganisha kwa swali ambalo sikumuuliza yule kijana: mama yake yuko wapi?

Naanza na mama kwa sababu mnunuzi humtazama mtoto tu, na biashara yote mbaya ya mbwa inategemea hilo. Mtoto wa mbwa wa majuma saba ni mzuri hata akiwa amezaliwa kwenye banda la mateso. Manyoya laini, macho ya unyenyekevu, mkia unaotikisika. Mateso yako kwa mama: mbavu, chuchu, kucha, woga wake. Akifichwa mama, kila kitu kimefichwa.

Kwenye mataa

Hapa swali halina jibu. Anayeuza kwa kawaida si mwenye mbwa. Amepewa vijibwa watatu asubuhi awatembeze juani na arudishe hesabu jioni. Mama yuko Kiambu, au Kitengela, au popote, na hata kijana mwenyewe huenda hajawahi kumwona.

Umri nao huongezwa. Mtoto wa mbwa anapaswa kukaa na mama yake na ndugu zake angalau majuma 8. Katika majuma hayo hujifunza mambo ambayo binadamu hawezi kumfundisha baadaye kwa urahisi, kama vile kuuma bila kuumiza, kumwachia mwenzake anapolia, na kutulia mama akikataa kunyonyesha. Wengi wa mataani huwa na majuma manne au matano, bado wanayumba wakitembea. Atakayemlea atashangaa miezi sita baadaye kwa nini mbwa huyu anauma mikono ya watoto na kuogopa kila mgeni.

Kuhusu aina, usibishane na mtu. Masikio ya German Shepherd hulala mpaka afike miezi mitatu, minne, hata mitano, kwa hiyo mtoto yeyote wa kienyeji mwenye rangi ya kahawia na mgongo mweusi huuzika kwa jina hilo. Niliwahi kumwogesha mmoja kwa sababu ya viroboto, na weusi wa mgongo ukateremka na maji hadi kwenye mfereji. Mwenye mbwa alikuwa amesimama hapo hapo. Hakusema kitu.

Halafu kuna parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu kama ule wa Simba. Virusi hivi hukaa mwilini siku 3 hadi 7 kabla ya dalili kujitokeza. Ukinunua Ijumaa kijibwa aliyekwisha kuambukizwa, wikendi nzima atacheza, na Alhamisi atakuwa sakafuni. Ndiyo maana muuzaji wa barabarani hawajibiki kamwe. Ugonjwa unapotokea yeye ameshahamia mataa mengine, na ukimpata atakwambia umemlisha vibaya. Na si kijibwa huyo peke yake. Virusi huweza kudumu udongoni kwa miezi mingi, hata mwaka, vikimngoja mbwa atakayefuata. Sabuni ya kawaida haiviui. Jiki huviua, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, kwenye sakafu iliyokwisha kusuguliwa uchafu wote. Shamba la maua huwezi kulimwagia jiki. Sisi tulikaa zaidi ya mwaka bila kuleta mbwa mwingine.

Najua wanaonunua pale kwa huruma. Unamwona amelegea juani, moyo unauma, unasema walau huyu nimemwokoa. Nilifikiri hivyo hivyo. Lakini elfu nne yangu ilimwambia mwenye banda kwamba Ijumaa biashara ni nzuri, na Jumatatu wengine watatu waliletwa pale pale. Ukitaka kumsaidia yule aliyelegea, piga picha, andika mahali na saa, uwapigie KSPCA, shirika la kutetea wanyama lililoko Lang'ata Road, Karen. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ipo kwa ajili ya mateso kama haya.

Kwenye tangazo la simu

Njia hii inaonekana safi zaidi, na kwangu mimi ndiyo ya hatari kubwa kwa sababu hiyo. Picha ni nzuri, kijibwa amevalishwa utepe, maelezo yanasema "wazazi wako hapa nyumbani." Ukiomba kwenda kuwaona, majibu huanza kuteleza. Barabara ni mbovu. Mama amepelekwa kwa shangazi. Mama ni mkali, hapendi wageni. "Usijisumbue, tuma nusu ya pesa, boda atakuletea." Wengine ni matapeli tu, ukituma pesa hakuna mbwa. Lakini wengi wana mbwa kweli, na tangazo limefunika banda la kuzalishia.

Hesabu ya banda ni rahisi kuielewa. Jike huingia kwenye joto takriban mara mbili kwa mwaka, na mimba yake ni siku kama 63. Akipandishwa kila joto, na tuseme anazaa sita kila mara, ni watoto 12 kwa mwaka. Ukimuuza kila mmoja kwa 25,000, jike mmoja amekuletea 300,000. Sasa toa gharama: chakula kizuri cha anayenyonyesha, dawa ya minyoo, chanjo, daktari, na majuma mawili matatu zaidi ya kukaa na watoto wanaokula sana. Kila unachokiruka ni faida. Anayezalisha kwa uangalifu humpumzisha jike angalau mwaka kati ya uzazi mmoja na mwingine, na hampandishi kabla hajakomaa. Kwa hiyo anapata nusu ya watoto, kwa gharama kubwa zaidi kwa kila mmoja. Ndiyo maana hawezi kushindana na bei ya banda, na ndiyo maana bei "nzuri" peke yake inapaswa kukushtua.

Nilimshika jike mmoja wa banda kwa mikono yangu. Msamaria mwema alimkuta kando ya mto, akamleta kliniki akiwa ndani ya gunia. Alikuwa Japanese Spitz, aina ile nyeupe inayopendwa sana Nairobi, ila weupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai kwa mkojo. Kucha zilikuwa zimejikunja na kuingia kwenye nyama ya vidole. Chuchu zilining'inia hadi karibu na sakafu. Tulipomtoa nje na kumweka kwenye nyasi, aliinua mguu mmoja, akaushusha, akainua mwingine, kama mtu anayekanyaga makaa. Hakuwahi kukanyaga nyasi. Daktari alikadiria ana miaka mitano. Alipokoma kuzaa, hakuwa na kazi tena.

Uingereza wamepita njia hii kabla yetu. Mwaka 2013 huko Wales aliokolewa jike wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, akapewa jina Lucy. Nyonga zake zilikuwa zimegandamana kwa kufungiwa kizimbani, uti wa mgongo umepinda, manyoya yamenyonyoka. Alikufa Desemba 2016, na kampeni iliyobeba jina lake ikazaa sheria iliyoanza kutumika England tarehe 6 Aprili 2020. Mfanyabiashara haruhusiwi tena kuuza watoto wa mbwa au paka walio chini ya miezi 6 ambao hakuwazalisha mwenyewe. Mnunuzi aende kwa aliyezalisha, amwone mtoto na mama yake mahali alipozaliwa, au achukue kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Ufaransa nao waliyazuia maduka kuuza mbwa na paka kuanzia tarehe 1 Januari 2024.

Somo jingine la Uingereza ni kwamba madalali walijifunza haraka. Walikodi nyumba safi, wakaweka jike mpole sebuleni na kumwita mama. Kwa hiyo kumwona jike hakutoshi. Mama wa kweli ana chuchu zilizovimba au zilizonyooka kwa kunyonywa. Watoto wakiachiliwa humkimbilia, na yeye huwaruhusu, huwalamba, au huwabwekea kidogo wakimng'ang'ania. Akiwanusa kama wageni na kugeuka pembeni, aga uende. Omba pia kupaona wanapolala, na ukikataliwa mlango wa nyuma, rudi kwenye gari.

Kwa mzalishaji anayejulikana

Wapo wazalishaji wazuri, na si haki kuwachanganya na wenye mabanda. Utawajua kwa jambo moja linalokera mwanzoni: wao ndio wanaokuhoji. Unaishi ghorofa au nyumba yenye uwanja? Mwenye nyumba anaruhusu mbwa? Nani atakuwa naye mchana? Ukihamia nchi nyingine atabaki na nani? Mama mmoja wa Limuru alimnyima rafiki yangu Rottweiler kwa sababu alisema atamfunga mnyororo mchana na kumfungulia usiku. Rafiki alikasirika. Mimi nilimheshimu yule mama.

Mzalishaji wa namna hii huwa na aina moja au mbili, si orodha ya aina kumi na mbili. Mara nyingi hana watoto wa mbwa siku unayopiga simu; utaandikwa na kungoja miezi. Atakuonyesha mama, atakupa jina la daktari wake, na atakwambia ukishindwa kumlea umrudishe kwake, usimuuze wala kumtupa. Bei yake iko juu kwa mara nyingi kuliko ya mataa.

Tahadhari yangu hapa ni karatasi. Cheti cha East Africa Kennel Club kinaonyesha nasaba, yaani baba, mama na mababu. Hakionyeshi afya. German Shepherd mwenye ukoo mrefu anaweza kurithi nyonga zisizokaa sawasawa kwenye kiungo, akaanza kuchechemea angali kijana. Uliza kama wazazi walipigwa eksirei za nyonga, na uombe kuziona. Kwa mbwa wenye pua bapa, kama Bulldog na Pug, nitasema wazi ninavyoona: usinunue. Wengi hupumua kwa shida maisha yao yote, joto huwalemea upesi, na majike wengi wa Bulldog hawawezi kuzaa bila upasuaji. Umbo hilo ni mateso yaliyozalishwa kwa makusudi, hata mwenye kuwauza awe mtu mwema kiasi gani.

Kituoni, au kwa jirani

Hapa swali langu linapata shida, na sitaki kuificha. Ukienda KSPCA, au wasomaji wa Arusha mkienda Mbwa wa Africa pale Usa River, mara nyingi hakuna anayejua mama wa mbwa uliyempenda. Aliokotwa sokoni, alitupwa langoni, mwenye naye alihama. Nini basi kinamtofautisha na wa mataa? Pesa yako inaagiza nini. Mataani imeagiza uzao mwingine. Kituoni imelipia chakula, dawa na nafasi ya kizimba kwa mwingine atakayeokotwa. Hakuna jike aliyepandishwa kwa sababu wewe umechukua mbwa.

Kwa kawaida anayetoka kituoni huwa amechanjwa, ametolewa minyoo, na amehasiwa au kufungwa kizazi. Watu wa kituo hutaka kuja kuona nyumbani kwako kwanza, na wengine huona hilo ni dharau. Ni maswali yale yale ya mama wa Limuru.

Kasoro zipo. Huenda hutapata kijibwa. Utapata mbwa wa miaka miwili mitatu mwenye hofu ambazo hazina maelezo. Mmoja niliyemjua alikuwa akijikojolea kila akiona ufagio. Wengine huchukua miezi kuzoea watoto. Uliza watu wanaomlisha kila siku, wao ndio wanaomjua, na urudi kumtembelea mara mbili tatu kabla ya kuamua. Kwa upande mwingine, mbwa aliyekwisha kukua si wa kubahatisha: ukubwa wake unauona, tabia yake unaiona. Kijibwa ni bahati nasibu hata akiwa na ukoo.

Na usisahau jirani ambaye jike wake wa kienyeji amezaa. Hapa mama yuko pale pale, unamjua anavyobweka usiku na anavyopokea wageni mchana. Watu wengi hununua aina za kigeni kwa ajili ya ulinzi, lakini mwizi wa kawaida hukimbia kelele, hakagui nasaba, na mbwa wa kienyeji husikia hatua za mgeni kabla hajafika langoni. Hula kilichopo, na hustahimili joto bila taabu. Ukimchukua mtoto, ngoja majuma 8, kisha badala ya kulipa bei changia gharama ya kumfunga mama kizazi. Nimefanya hivyo na jirani yangu Baba Otieno, na jike wake sasa ananenepa kwa amani.

Kadi ya chanjo, kwa njia zote nne

Popote uendapo utaonyeshwa kadi, isipokuwa mataani ambako utaahidiwa tu. Chanjo ya parvo na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, huanza majuma 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya majuma 3 au 4 mpaka afikishe majuma 16, kwa sababu kinga aliyoipata kwenye maziwa ya kwanza ya mama huweza kuzuia chanjo za mapema kufanya kazi. Kwa hiyo mtu akikwambia mbwa wa miezi miwili "amemaliza chanjo," haiwezekani. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida ya kliniki hutolewa kuanzia miezi 3. Kadi ya kijibwa wa majuma saba yenye muhuri wa chanjo hiyo inahitaji maelezo.

Kadi halali ina stika ndogo zilizobanduliwa kwenye chupa za dawa, zenye namba ya toleo, na kando yake sahihi, muhuri na namba ya usajili ya daktari. Daktari wa mifugo anayeruhusiwa kufanya kazi Kenya amesajiliwa na bodi yao, na unaweza kuuliza. Za kughushi nimezishika nyingi: tarehe tatu tofauti, kalamu ile ile, mkono ule ule, hakuna stika hata moja. Mzalishaji mzuri na kituo watakuachia upige picha kadi umtumie daktari wako kabla hujalipa. Wa tangazo atakwambia kadi itakuja na boda.

Ungekuwa wewe, ungechagua ipi?

Kama unakaa ghorofa ya tatu, unatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, chaguo langu kwako ni kungoja. Mbwa anahitaji mtu, na kijibwa anahitaji kulishwa mara tatu nne kwa siku. Kama una watoto wadogo na uwanja, nenda kituoni ukatafute mbwa mtulivu aliyekwisha kukua, au ongea na jirani. Kama kazi yako au mapenzi yako yanahitaji aina maalumu, tafuta mzalishaji, jiandikishe, ngoja, na uweke pesa ya daktari kando kabla ya pesa ya kununua. Mataa na boda sivipendekezi kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote.

Na kama tayari una kijibwa wa mataani mapajani unaposoma haya, usimrudishe barabarani. Mpeleke kwa daktari leo, asikutane na mbwa wengine, na mchunguze anavyokula kwa siku kumi. Akimuuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Sisi tulimchukua Pendo kituoni, jike wa kienyeji wa miaka mitatu, mwekundu kama udongo wa Thika. Mwanangu, ambaye sasa amenipita urefu, ndiye aliyemchagua. Chuchu zake zinaonyesha amewahi kunyonyesha. Watoto wake walikwenda wapi, hakuna anayejua. Usiku kijibwa akilia mahali mtaani, Pendo huamka, huenda kusimama langoni masikio yakiwa mbele, na hakubali kurudi ndani mpaka sauti ile inyamaze.